Matokeo Ambayo Baba Hakuyasoma

Baba alikuwa profesa wa siasa, na huko kwetu wanajeshi walimteua asimamie uchaguzi mkuu. Akausimamia vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu aliyeshinda siye waliyemtaka. Wakamwambia asitishe kutangaza, naye akasitisha. Wiki hiyohiyo vijana waliingia barabarani, kaka yangu mkubwa akiwa miongoni mwao, na kaka akarudishwa nyumbani amefunikwa turubai. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilimuuliza Baba swali moja: kwa nini hukuyasoma matokeo? Hakunijibu hata mara moja. Nilimpenda, nikamchukia, nikampikia, yote kwa pamoja.

Mwaka 2018 tulikuwa tukiishi Mesquite, kando ya Dallas, mimi na yeye. Nilifanya kazi ghalani, kufunga mizigo. Mwaka huo chama chetu cha kuzikana, chenye wanachama Dallas na Houston, kikataka kumchagua mwenyekiti. Mwenyekiti wa siku zote ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu yangu. Alitupokea uwanja wa ndege tulipofika Texas, akaniingiza kazini, na alipenda kusema mbele za watu kwamba fadhila ya punda ni mateke, macho yake yakiwa kwangu. Aliyempinga alikuwa mama mmoja kutoka Burundi, msafishaji wa vyumba hotelini, asiyejua kupamba maneno. Alichosema ni kwamba jamaa za mwenyekiti huzikwa upesi, na maiti za wengine husubiri.

Mtu mmoja akauliza, si tunaye mtaalamu wa uchaguzi? Mimi nilicheka, tena kwa ubaya. Baba hakucheka. Alipeleka suti yake kwa dobi.

Jumamosi tuliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi Alief, mtaa wa Houston, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Baba alichukua boksi la viatu, akaligeuza juu chini, akalipiga kitako, akawapitishia watu wote walitazame ndani. Kisha akalifunga kwa utepe na kutia saini juu ya utepe. Mke wa mwenyekiti alikuwa amepika pilau, harufu imejaa ukumbini. Baba akakataa sahani.

“Msimamizi hali kabla ya kutangaza,” alisema, akanywa maji yake ya chupa.

Kura zilihesabiwa mbele ya wote. Kila karatasi aliinyanyua, akaigeuzia kulia na kushoto, hadi akina mama wa nyuma wakamwambia, “Tumeona mzee, endelea.” Kila mtu alikuwa akijumlisha kwenye simu yake, hivyo karatasi ya mwisho ilipotoka tulishajua sote. Yule mama alikuwa ameshinda, wala si kwa kubahatisha. Lakini kwa kanuni alizoziandika Baba mwenyewe, matokeo si matokeo mpaka msimamizi asimame, ayasome na kuyatia saini.

Mwenyekiti akaniita jikoni.

“Dada, mzee tuna-mrespect sana,” aliniambia. “Lakini watu wame-get emotional. Mwambie ata-announce next week, tukisha-calm down. Sisi ni family, ama?” Akachota pilau. “Na Monday uko zamu ya asubuhi, si ndiyo?”

Hakunitisha. Alikuwa anatabasamu, kijiko cha pilau mkononi.

Nilirudi ukumbini nikamwinamia Baba sikioni. “Baba, acha tu. Wiki ijayo.”

Akanitazama. Karatasi ya matokeo ilikuwa mkononi mwake.

“Ni wewe unayeniomba?”

“Ni mimi.”

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaketi na kuomba aletewe pilau. Ukumbi mzima ulimtazama akila. Yule mama alichukua mkoba wake, akaja akamsalimia kwa mikono miwili, akasema, “Asante, mzee,” akatoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki ijayo haikuja. Mwenyekiti alisema uchaguzi utarudiwa watu wakitulia, na hadi leo hawajatulia. Baba aliniuliza Jumapili mbili mfululizo, “Tunakwenda lini kuyasoma?” Nikamjibu kwa ukali kwamba nimechoka. Hakuuliza tena.

Mwaka uliofuata mume wa yule mama alifariki. Nilisikia ghalani, katikati ya mizigo, wenzangu wakisimuliana kwamba maiti ilikaa mochwari hadi kanisa likaingilia kati, na chama hakikutuma hata mtu wa kumpa pole. Walisimulia kwa sauti ya kawaida, kisha wakahamia habari za mvua.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa mezani, akimenya chungwa. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu vya kazi.

“Baba, siku ile niliogopa.”

“Najua,” alisema. Akaendelea kumenya. “Na mimi niliogopa.”

Sikumwomba aongeze neno. Nilivua viatu nikaketi karibu naye, akanipa nusu ya chungwa. Yeye, kule kwetu, alikuwa na askari getini na watoto wanne ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi.