Simu Iliyovimba ya Fundi Polepole

Saa mbili asubuhi, fundi simu anafuta meza yake kwa brashi ya rangi iliyokatwa fupi. Kibanda kina upana wa mlango mmoja. Kuna taa ya kuinamisha, bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa, na stuli mbili. Ya pili ni ya wateja, ingawa wengi hawakai.

Mtaani wanamwita Fundi Polepole. Hakusomea kazi hii. Alijifunza kwa kufungua simu mbovu na kukumbuka kila skrubu ilikotoka.

Mama muuza nguo wa kibanda cha jirani anamletea simu inayoisha chaji kabla ya mchana.

"Unaichaji vipi, mama?"

"Naiweka kwenye kile kibao kisicho na waya, nalala zangu. Asubuhi imejaa."

"Na kava unavua?"

"Nivue ya nini, baba? Nayo isikie baridi?"

Fundi anacheka kidogo. Anamweleza kwamba kwenye kibao kile sehemu ya umeme hupotea ikawa joto, na kava nene hulifungia humo humo. "Betri inachoshwa na joto, tena inachoshwa na kukaa imejaa mpaka kuche. Ichaji jioni ukiwa macho. Ikifika asilimia themanini, iache."

Anaposogeza kitambaa, simu yake mwenyewe inajitokeza. Mgongo umebenuka, kioo kimeanza kuachana na fremu.

"He! Na hii? Imevimba kama shavu la mwenye jino bovu!" mama anasema. "Kweli mganga hajigangi."

Fundi anaifunika tena. Mama akishaondoka, ndipo anamweleza mteja aliyebaki kwenye stuli ya pili.

Ana miaka hamsini na tisa. Mkewe alifariki, na binti yao wa pekee anatunza wagonjwa katika nchi ya mbali. Fundi naye ana kibao cha kuchajia, alichotumiwa na binti huyo. Hupiga simu akitoka zamu, wakati huku watu wamelala. Kwa hiyo kila usiku fundi huilaza simu juu ya kibao, ndani ya kava la ngozi, upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe.

"Najua ninachowaambia watu," anasema kwa sauti ya chini. "Lakini nikiitoa naogopa itazima, naye apige asinipate. Akinikosa mara mbili tatu, atazoea."

Siku hizi binti hupiga kwa nadra. Baba hushtuka usingizini, akanyoosha mkono, akaigusa simu. Ina joto.

"Nyumba ikiwa kimya," anasema, "hata joto la simu ni kitu."

Betri iliyovimba haifai kuchajiwa tena. Inaweza kushika moto, na yeye analijua hilo vizuri. Mpya iko kwenye droo tangu mwezi uliopita. Kuibadilisha kwa mwendo wake ni kazi ya saa nzima, simu ikiwa imezimwa.

"Na yeye akipiga ndani ya saa hiyo?"

Mteja anapomuuliza kama yeye huwa anampigia binti, anashangaa. "Mimi? Si nitamsumbua? Ama yuko kazini, ama kapumzika."

Anafungua droo, anatoa betri mpya. Kisha anavuta taa karibu, anabonyeza kitufe mpaka kioo kinakuwa cheusi, na kuchukua bisibisi ndogo kuliko zote.

"Ikiwaka, haitalala tena kwenye kibao," anasema bila kuinua kichwa. "Na jioni nitampigia mimi. Asipopokea, si neno. Atakuta baba alipiga."