Waliochota Nyayo

Redio iliposema mkimbiaji wetu amekutwa na dawa za kuongeza nguvu kwenye mkojo, nilikuwa uani nafua, na mama yake amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Nilisubiri apige ukelele. Hakupiga. Aliinua uso, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nazi:

"Mkojo wake kautoa kampa nani?"

"Wakishinda wanapimwa, mama. Wanakojoa kwenye kichupa, daktari wa Kizungu anaondoka nacho."

Akaacha kuchambua. "Anaondoka nacho kwenda wapi?"

Hilo sikulijua, na kusema kweli liliniudhi. Mtoto wake ametangazwa mwizi wa mbio dunia nzima, yeye anauliza habari za kichupa.

Nilikuwa mpangaji katika nyumba hiyo ya Temeke, nyumba ya korido katikati, vyumba huku na huku, uani bafu moja la mabati. Nilitoka bara kuja kupiga taipu katika ofisi ya serikali. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu wa pwani wa tangu na tangu, mjane, mguu wake mmoja umejaa matende hata hakuweza kufika barabarani bila kupumzika njiani. Kijana wake alikulia mlemle, akikimbia pekupeku alfajiri kwenye mchanga hadi Mtoni na kurudi, mpaka watu wa riadha walipomwona wakampeleka Ulaya. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa sabuni na siagi, na mitumba imetuvisha viatu hata sisi tusio na pa kwenda. Siku za mbio zake redio ilitolewa nje ikawekwa juu ya stuli, mtaa mzima ukasimama kuizunguka. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wengi.

Kwetu mtoto akiiba hata mkungu wa ndizi, watu humsimanga mpaka akonde. Basi nilingoja masimango. Niliyangoja bombani, gengeni, kwenye kahawa. Hakuna aliyemtukana. Waliongea kwa sauti ya chini kama wako msibani, na wote waliuliza lilelile: huo mkojo anao nani? Pwani mtu haachi ovyo vitu vya mwili wake. Wapo wazee wanaotoka kwa kinyozi na nywele zao zimefungwa kwenye karatasi. Kumpa mgeni mkojo wako, tena akaufunge na kuuandika jina lako, kwao hilo ndilo lililokuwa balaa. Habari ya kudanganya kwenye mbio haikumshughulisha mtu.

Aliporudi, teksi ilimshusha mchana wa jua kali. Watu walitoka wakasimama vibarazani. Hakuna aliyesema karibu, wala aliyezomea. Alitoa salamu, "Shikamooni," wakaitika marahaba kwa pamoja, na macho yao yote yakiwa miguuni mwake. Alivuka ile njia na begi lake akitazama chini, kana kwamba naye anataka kujua wanaona nini.

Asubuhi ya pili alikwenda kukimbia kama zamani. Nilipotoka kwenda kazini niliona njia ina vishimo. Kila mahali mguu wake ulipotua palikuwa na kishimo cha duara, kimechimbwa vizuri, kimoja baada ya kingine hadi kwenye kona. Nikadhani ni kuku. Nilipokata kona nikamkuta jirani yetu muuza maandazi ameinama, kijiko mkono huu, kopo la maziwa ya unga mkono huu. Aliinuka akanisalimu kwa raha zake kama mtu anayechuma mchicha.

"Umeamkaje, jirani?"

"Unafanya nini?"

"Si mwanangu yule mdogo nyumbani, mpaka leo hajasimama, na wenzie wanakimbia." Akafunika kopo. "Ile kitu iko miguuni kwake. Akikanyaga, inabaki chini."

Ndivyo walivyokata shauri. Dawa iliyomfanya ashinde wazungu lazima ishuke miguuni, na ikishuka miguuni itaingia kwenye mchanga. Penye wengi pana mengi. Ndani ya wiki hiyo watu walianza kuja hata kutoka mitaa ya mbali. Wengine walikuja na vijiko, wengine na makaratasi. Hawakugombana. Walipanga foleni ya kimya nyuma ya kijana anayekimbia, kila mmoja akichukua unyayo wake, akaondoka. Halafu wakaja wanaume wa timu yetu ya mpira, wale wa kamati ya ufundi, ambao kila mtu anajua ufundi wao si wa mpira. Wakaomba kwa adabu wachote udongo wa mfereji wa bafuni.

"Bafu hilo na mie naoga!" niliwaambia. "Mtachota jasho langu la kupiga taipu, mkajifunge magoli!"

Mmoja alicheka. Wengine walinitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua lugha.

Aliyewafukuza ni mama mwenye nyumba. Aliuburuta ule mguu wake mpaka mlangoni, akainua bakora. "Ondokeni! Mwanangu kachezewa huko alikokwenda, na nyie mnakuja kummaliza hapa? Ondokeni!" Waliondoka, lakini wakarudi kwa upande wa nyuma. Hata hivyo nilimpenda sana siku hiyo. Katika mtaa wote, yeye peke yake hakutaka kitu kutoka kwa kijana yule.

Kijana alijaribu kukimbia na viatu. Wakachota alama za soli. Akabadilisha njia, wakaijua. Mwisho akaacha kukimbia, na hata akienda dukani tu, alirudi kinyumenyume, ameinama, akifagia nyayo zake kwa ufagio wa chelewa hadi anaingia mlangoni. Nilimwona hivyo asubuhi moja kwenye ukungu, mgongo ukitangulia, mtu aliyekuwa akikimbia kuliko wote, anajifuta mwenyewe polepole. Niliogopa. Si kwa sababu ya uchawi, maana siuamini. Niliogopa kwa jinsi alivyokuwa ameizoea kazi hiyo.

Siku hiyohiyo jioni alinifuata uani ninapika.

"Dada, wewe mtu wa bara. Kwenu mtu akiiba anaambiwaje?"

"Anaambiwa mwizi."

"Basi niambie."

Nilidhani ananitania. Akachuchumaa karibu na jiko, akaeleza taratibu. Hakuchezewa na mtu. Daktari wa kambini alimweleza ni dawa gani na kwamba imekatazwa, naye akanyoosha mkono mwenyewe achomwe sindano. Siku ya mbio, aliyemfuata nyuma yake alikaa chini kwenye mstari akalia kama mtoto.

"Namsikiaga mpaka leo," alisema. "Nikiwaambia watu hapa nimekosa, wananiuliza sindano ilikuwa ya rangi gani."

Basi nikampa alichokitaka, maana mdomo ninao. Nilimwita mwizi. Nilimwambia amemwibia yule aliyelia, ametuibia na sisi tuliosimama juani tukishangilia redio, na kwamba siku za mwizi arobaini. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta pumzi ndefu, machozi yakamtoka, akaonekana kama mtu aliyetapika sumu.

"Asante, dada. Sasa mama. Mama akinigombeza, nitaweza kukaa hapa. Nitakuwa mtu tu. Akisema nimekosa, nitakuwa mwanawe aliyekosa, basi."

Aliniomba niwepo. Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mama amekaa kwenye mkeka, ameunyoosha ule mguu, ameufunika kwa khanga. Kijana alikaa mbele yake, akasema yote bila kupunguza: sindano, kukatazwa, mkono alioutoa mwenyewe, yule aliyelia. Mama hakumkatiza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, namwomba Mungu ampe mama ukali.

"Kwa hiyo hukuchezewa," mama alisema.

"Sikuchezewa, mama."

"Ipo kweli."

"Ipo."

"Inatia nguvu miguuni."

"Inatia, mama. Lakini ni—"

Mama aliifunua ile khanga. Mguu ulikuwa mzito, ngozi imekakamaa, vidole havionekani vizuri. Aliutazama, akamtazama mwanawe.

"Wewe mzima wa miguu. Unajichoma dawa ya miguu, na mie mama yako najiburuza humu ndani kama konokono. Hukukumbuka kuniletea hata kidogo?"

Kijana alinitazama. Akasogea mbele taratibu, akauinua ule mguu kwa mikono miwili, akauweka mapajani pake, akaanza kuukanda.

Mama alifumba macho. "Hapo," alisema. "Tumia viganja. Hapo hapo. Nasikia inaingia." Baada ya kitambo akayafumbua, akanigeukia mimi. "Umepungua, eti? Hebu tazama, mwanangu, wewe una macho mazuri. Umepungua?"

Nilitazama. Mguu ulikuwa vilevile.

"Umepungua, mama," nilisema.

Kijana aliinua macho akanitazama, kisha akainama, akaendelea kukanda.