Siku ya Kuchagua Spika za Msikiti

Kwenye mlango wa ukumbi wa hoteli walikuwa wamebandika masharti ya maonyesho ya vyombo vya sauti: simu zizimwe, stendi zipige kwa zamu, wageni wasikilize kimya. Nilicheka. Aliyeyaandika hakuwa mtu wa Garissa. Hapa mtu akiingia hutoa salamu, akaitikiwa, kisha akashikana mikono na kila aliyeketi akiulizia nyumba, watoto, ngamia na mvua.

Kamati ya msikiti wetu wa Waberi ilinituma na mwenzangu tuchague spika mpya. Mimi ni fundi. Nimetengeneza amplifaya za mji huu mpaka mvi zimeniota, na kwenye mambo ya sauti hakuna aliyewahi kunipinga. Ila tangu Ramadhani nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia hata mke wangu: maneno ya watu yalikuwa yananipotea. Nililaumu feni, nikalaumu jenereta ya jirani. Siku ile nilitaka kujithibitishia kuwa masikio yangu ni mazima, na kwamba walimwengu ndio wenye kelele.

Kwa hiyo nilifika na hasira tayari. Stendi ya kushoto ilikuwa ikipiga ngoma za harusi juu ya sauti ya jirani yake. Muuzaji wetu, kijana wa Nairobi, alieleza kwamba spika nzuri hujulikana sauti ikiwa chini: mtu anahutubia taratibu na maneno yanafika nyuma yakiwa yametimia. Nikaenda kuketi kwenye ukuta wa nyuma kabisa. Mwenzangu akanifuata, bado akinisimulia bei ya mbuzi huko Ifo.

"Waryaa, nyamaza!" nikamfokea. Nikaugeukia ukumbi mzima. "Na nyinyi! Mmekuja kusikiliza ama kubiga domo?"

Watu wakashtuka. Ngoma zikazimwa. Mhudumu alisimama na sinia lake la chai, akaogopa hata kupiga hatua. Nikaketi, nikafumba macho. Nikangoja. Nikazidi kungoja.

"Haya," nikamwambia muuzaji, "si uanze?"

Nilipofumbua macho, wote walikuwa wakinitazama. Muuzaji aliiangalia spika, akaniangalia mimi.

"Mzee," akasema kwa sauti kubwa, "inaongea tangu ulipoketi."

Mwenzangu akawahi kucheka. "Anakubima tu huyo! Anataka kujua kama wewe ni mkweli." Watu wakacheka naye. Kisha akanigeukia, akatamka neno mojamoja mbele ya uso wangu: "Walaal, ndugu yangu, hii spika umeonaje? Tuchukue?"

Nilimchukia kwa huruma yake kuliko nilivyowahi kumchukia kwa domo lake. Ningeweza kuitikia kwa kichwa na mambo yakaisha. Lakini niliwafikiria wazee wa safu ya nyuma, wanaotega sikio kila Ijumaa wasipitwe na hotuba.

"Chagua wewe," nikasema, na watu wote wakasikia. "Mimi sisikii."