Mwili wa Kwenda Nao Nyumbani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Risper aliuzungushia mkono wake wa kushoto kidole gumba na kidole cha kati cha mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, aone kama ncha zinakutana. Zisipokutana, aliamka akaenda zake. Zikikutana, alikaa kidogo kitandani. Mwikali alimwona akifanya hivyo hata kwenye benchi la maabara, hata siku aliyolazwa na mpira wa dripu mkononi. Kwa muda mrefu alidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyopapasa funguo mfukoni.

Walikuwa wamejuana kwa sababu ya sukari. Risper alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Al-Malqa, Riyadh, miaka kumi na moja kwa familia ile ile, na siku moja alianguka jikoni akiwa na sinia mkononi. Madam wake, mtu wa haraka lakini mwenye huruma, alimpeleka kwenye kliniki ya Al-Sulimaniyah ambako Mwikali, Mkamba wa Machakos, alikuwa mtaalamu wa lishe kwa mkataba. Sukari ilikuwa kumi na saba. Mwikali alimwandikia mpango wa chakula kwa Kiswahili, akamwambia aje Ijumaa nyumbani kwake Malaz wauzungumze vizuri zaidi. Ijumaa ile ikazaa nyingine.

"Wewe daktari wa mboga," Risper alimwambia siku za mwanzo, "hujui nyumba ninayokaa. Madam amekatwa tumbo lipungue. Binti yake anakula majani. Baba anakunywa maji ya limau mpaka saa nane mchana. Kila mtu pale anaukimbia wali. Tunabaki mimi na sinia, wawili tu jikoni. Na mimi nikiukimbia, si utalia?"

"Nani atalia, Mama Fidel? Wali?"

"Ee. Wali una roho."

Hata hivyo aliupunguza. Akaacha soda, akaacha tende za baada ya chai, akaacha kumalizia sahani za watoto. Jioni, jua likishapoa, alizunguka uani kwa madam, kutoka geti hadi matangi ya maji na kurudi, mizunguko arobaini, kiatu cha raba mguuni na leso kiunoni. Walinzi wa jirani walimcheka, kisha wakamzoea. Kwa miezi kumi na minne alipoteza kilo kumi na saba, na kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikarudi kimeshuka hadi daktari mkuu wa kliniki akauliza ni mgonjwa wa nani huyu. Mwikali akasema ni wake.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilianza kwa furaha.

Mwikali alikuwa na miaka arobaini na minne. Nywele za mbele alizipaka piko kila wiki ya tatu kuficha mvi. Kila asubuhi alisimama kwenye mizani kabla ya kunywa maji, na namba ikipanda hakuifurahia siku nzima. Alikuwa na kundi la wasapu la wanawake Wakenya waliovuka arobaini, wa Riyadh na Jeddah na Dammam, zaidi ya mia mbili, waliouliza habari za magoti, hedhi inayokatika na tumbo lisilotoka. Alilipenda kundi lile kuliko alivyopenda kukiri. Huku ugenini mwanamke huzeeka bila shahidi. Wanaomwona kila siku hawamjui alivyokuwa, na wanaomjua alivyokuwa hawamwoni. Katika kundi lile mtu angalau alikuwa na wa kumwambia.

Akamwomba Risper ruhusa aweke picha mbili, ya zamani na ya sasa.

"Weka," Risper alisema, akirekebisha kitambaa cha kichwa kwenye kioo cha simu. "Wajue mzee bado ana mbio."

Picha ziliwekwa zikiwa bega kwa bega. Kushoto Risper mnene, amejaa, anacheka kwenye harusi ya mtu. Kulia Risper mwembamba, shingo imejitokeza, macho makubwa, kando ya geti la Al-Malqa. Kundi lilishangilia siku mbili. Siku ya tatu mtu akaituma picha kwa dada yake, dada akaituma kwa rafiki, na kabla ya mwezi kuisha ilikuwa imefika Oyugis, kwao Risper. Ilifika peke yake, bila maelezo wala hesabu ya sukari, ikapokelewa kama picha ya mtu aliyekwenda Saudi mzima na sasa anaisha.

Fidel, mtoto pekee wa Risper, alipiga simu akiwa na sauti ya mtu anayekanyaga miiba. Alikuwa anaoa. Mahari ilikuwa ipelekwe kwa wazazi wa Mitchelle, kule Rongo, mwezi wa nane, na mama yake alikuwa ameshaomba likizo. Sasa shangazi wa bibi harusi alikuwa ameuliza, kwa upole mkubwa, kama boma lile lina ugonjwa.

Risper alimweleza Mwikali hayo akiwa ameketi sakafuni Malaz, miguu imenyooshwa, kikombe cha chai kavu kinapoa kando yake. Ndipo Mwikali aliposikia yale ambayo hakuwahi kuyauliza. Mumewe Risper alikuwa amekufa mwaka wa elfu mbili na tatu baada ya kukonda mwaka mzima. Matangani hakuna aliyeutaja ugonjwa, na hakuna asiyeujua. Mjane alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alipimwa mara tatu, na mara tatu akaambiwa hana kitu.

"Lakini karatasi ya hospitali huivai shingoni," alisema. "Wewe unasoma karatasi. Kule kwetu wanasoma shavu. Nilikuwa nikipita sokoni, mtu ananisalimia huku ananihesabu mifupa. Walingoja zamu yangu, Mwikali. Miaka mitatu walingoja. Nilikula mpaka wakachoka kungoja."

Mwikali alitaka kusema jambo juu ya elimu, na namna mambo yalivyobadilika siku hizi. Maneno yalimfika mdomoni yakaonekana ya kitoto. Akasema, "Nitaiondoa ile picha."

"Utaiondoa kwenye simu ya nani?"

Wiki iliyofuata familia ya Al-Malqa ilihamia Jeddah kwa likizo ya shule, kwenye nyumba yao ya Obhur, na Risper akaenda nao. Hakukuwa na Ijumaa tena. Mwikali alimwandikia, akajibiwa kwa picha za maua na mistari ya Zaburi. Alipouliza sukari, alijibiwa, "iko sawa daktari." Yeye mwenyewe alijua kwamba mgonjwa anayeandika "iko sawa" bila namba hajapima. Hakumbana. Aibu ya ile picha ilikuwa imemfunga mdomo.

Walirudi baada ya wiki tano. Risper alipoingia mlangoni Malaz, Mwikali alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Uso ulikuwa umejaa na kung'aa, mashavu yamepanda hadi macho yakawa madogo. Halafu akaona mikono. Mikono ilikuwa ile ile, myembamba, na kwenye ngozi yake kulikuwa na mabaka ya zambarau, kama mtu aliyegongwagongwa. Nyuma ya shingo palikuwa na nundu ndogo ya nyama.

"Mama Fidel, umekula nini?"

"Chakula."

"Chakula hakichagui uso."

Risper alicheka, akaketi. Kisha, bila kubishana tena, akatoa mkobani karatasi ya nailoni iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe visivyo na jina. Alivipata kwa Mkenya mmoja wa Jeddah aitwaye Ivy, aliyeuza nywele za bandia na mafuta ya ngozi. Wasichana waliokaribia kurudi nyumbani walivijua vizuri. Waliviita vidonge vya mashavu.

Mwikali alivijua kwa jina lingine, la hospitali: steroidi. Alitoa kipima sukari. Kumi na tisa.

"Hivi vinakupandisha sukari na kuila mifupa yako. Na mwili ukishavizoea, siku ukiviacha ghafla unaanguka. Hauna nguvu zake wenyewe tena. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na anayeyaonyesha, watu humuumbua kabla ya kifo," Risper alisema. Hakusema kwa hasira. "Mimi sina maradhi waliyonayo kichwani, lakini nitawaambiaje? Nisimame kwa wakwe nitoe kipimo chako cha sukari? Mitchelle ni msichana mzuri. Fidel ana miaka thelathini na moja. Akikosa huyu kwa sababu ya shingo yangu, nitaishi wapi na hiyo shingo?"

"Waambie ni sukari."

"Sukari ni jina ambalo kila mtu anatumia. Hata baba Fidel alikuwa na sukari."

Mwikali akakifunga kipima sukari. Alifikiria kumpigia madam. Madam angeogopa, angeifuta safari, au angemwachia aende na asimwite tena, maana nani anataka mfanyakazi wa miaka hamsini na moja anayeanguka na masinia? Na Risper angemaliza maisha yake akijua kwamba rafiki yake alimuuza mara mbili, mara ya kwanza kwa picha. Hayo ndiyo aliyojiambia. Baadaye, kila alipoyarudia, hakuweza kujua ni kiasi gani kilikuwa huruma kwa Risper na ni kiasi gani kilikuwa woga wake mwenyewe wa kuchukiwa.

Wakakubaliana, au Mwikali alidhani wamekubaliana. Risper angetumia dawa zake za sukari bila kuruka hata siku moja. Angepima asubuhi na jioni. Vidonge vya mashavu asingevikata ghafla. Angevipunguza kidogo kidogo, na kabla ya yote angeonana na daktari Kisumu siku atakayotua. Mwikali aliandika kila kitu kwa kalamu nyekundu, hata jina la kidonge, ili daktari asipate shida ya kukisia.

"Siku nitakayotua nina wageni," Risper alisema akiikunja karatasi. "Baada ya mahari."

"Kabla."

"Baada. Nikionwa na daktari kwanza, atanilaza. Nikilazwa, ndiyo wamepata walichokuwa wanakitafuta."

"Basi niahidi hutaviacha kwa mara moja."

"Naahidi. Sasa niache nikuonyeshe gauni."

Alikuwa amelinunua Jeddah, la kijani kibichi lenye mabega ya kusimama. Alilivaa pale sebuleni akageuka pande zote. Mwikali alimtazama, na ingawa alijua kila kitu kilichokuwa kikitendeka chini ya ngozi ile, aliona pia kile ambacho wakwe wangekiona, mama wa makamo aliyeshiba, aliyetulia, asiye na deni kwa kifo. Akamwambia amependeza. Alikuwa amependeza kweli.

Risper aliondoka Jumatano. Mahari ilipelekwa Jumamosi. Jioni ile picha zilianza kuingia kwenye kundi, maana sasa wanawake wote walimfuatilia. Risper katikati ya akina mama wa Rongo. Risper na paja la kuku mkononi, shangazi wa bibi harusi amemwegemea begani. Watu waliandika, mama ananawiri, Saudi imemtunza. Mwikali aliitazama kila picha kwa jicho la kazi. Alikuwa na hasira, na hakujua anamkasirikia nani.

Jumapili asubuhi, ambayo Riyadh ni siku ya kazi, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, aliusikiliza ujumbe wa sauti ambao Risper alikuwa ameutuma usiku. Akaona kwamba jibu lake si la maneno mawili. Alitaka kuuliza kwanza kama vile vidonge bado anavyo, ajue ni vingapi, ahesabu siku, kisha aandike mpango mzima tangu mwanzo. Kitu kama hicho hufanywa kwa utulivu. Mgonjwa wa tatu alikuwa ameshaingia. Akajiambia atajibu jioni.

Jioni simu ya Risper haikupokelewa.

Fidel ndiye aliyempigia, Jumatatu. Alieleza kama kijana anayetoa taarifa polisi, kwa mpangilio, ili asilie. Baada ya sherehe mama alisema kazi imekwisha, akavitupa vidonge vyake fulani chooni mbele ya mke wa baba mdogo, akicheka. Jumapili alitapika tangu alfajiri. Watu walisema ni uchovu, ni nyama ya wakwe, apumzike. Jioni alikuwa hajibu akiitwa. Gari lilipatikana saa tatu. Alifika hospitali Kisumu akiwa bado anapumua, na hapo daktari aliuliza anatumia dawa gani, na mpaka anakata roho hakuna aliyejua.

"Kulikuwa na karatasi," Mwikali alisema.

"Tumeipata leo," Fidel alisema. "Kwenye mfuko wa gauni."

Mwikali aliwaambia wakubwa wake kazini kwamba amefiwa na dada. Aliliandikia kundi habari yote, vidonge na picha na sehemu yake yeye, bila kujipunguzia. Wengine walimshukuru, wengine walitoka. Watatu walimtafuta faraghani, mmoja mmoja, wakauliza wafanye nini maana wamebakiza mwezi mmoja wa kwenda nyumbani na tayari wanavitumia. Aliwajibu saa ile ile, kila mmoja, akiwa amesimama.

Ujumbe wa Risper haukuwa mrefu. Nyuma yake yalisikika masufuria na mtu akiimba vibaya, na yeye mwenyewe alikuwa akihema kidogo, kama aliyetoka kucheza.

"Daktari wa mboga, umelala? Msichana ni wetu. Yule shangazi amenishika shavu, Mwikali, amenishika hivi kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akasema mama huyu ni mzima. Haya basi. Wameshaniona. Sasa niambie, kesho asubuhi nile nini?"