Mizani Ndani ya Sanduku la Mjukuu Wangu

Mimi hupika chakula kando ya barabara pale Malaba, mahali malori yanaposimama kungoja kuvuka kuingia Uganda. Madereva wamekula kwangu miaka mingi na sahani zinarudi tupu. Kwa hiyo muelewe nilivyohisi mjukuu wangu mwenyewe alipoketi kwenye benchi langu akasukuma ugali kando kama mtu aliyewekewa mchanga.

Huyu ni mtoto wa binti yangu. Alizaliwa Uingereza, akakulia huko, na anawakimbilia Waingereza mbio za mita mia nane na elfu moja mia tano. Mama yake alinitumia video: amevaa jezi ya nchi yao, wasichana wamembana kila upande, kengele ya mzunguko wa mwisho inalia, naye anachomoka katikati yao kama ndama aliyefunguliwa kamba. Nilimwonyesha kila dereva. Nilijivuna, sikatai.

Disemba akaja kunisalimia kabla ya kupanda kwenda kambi ya mazoezi huko milimani. Nilipomkumbatia nilishika mifupa. Msichana mzima, mabega ya mtoto wa darasa la nne.

Asubuhi alikuwa akikimbia kando ya foleni ya malori. Matanboi, wale vijana wa kusaidia madereva, walining'inia milangoni wakimtania. "Dada, umeibiwa nini?" "Tuvukishie makaratasi, wewe utafika kabla yetu." Alicheka tu, na mimi nilicheka. Kilichoniudhi ni kwamba akirudi, hata maji hajanywa, alitoa sandukuni mizani ya kioo, bapa kama trei, akapanda juu yake, akapiga picha ile namba na kumtumia kocha wake. Kocha akijibu vizuri, anakula yai. Asipojibu, hali kitu.

Dereva mmoja wa Mombasa, mteja wangu wa siku nyingi, akaniambia mbele ya watu, "Mama, mjukuu wako hagusi chakula chako. Kuna kitu anajua na sisi tunafichwa?" Wakacheka wote. Nilimwambia ale aende zake, lakini yale maneno yaliingia.

Siku zikapita, na nyumbani kwangu sikuona dalili yoyote kwamba msichana huyu anaingia mwezini. Nikasema basi, ana mimba, ndiyo maana chakula kinamshinda. Nikamwita nyuma ya jiko nikamuuliza bila kuzunguka.

Kiswahili chake kinachechemea, ni cha kuongea na mama yake tu. "Hapana, Kukhu," akasema, maana hivyo ndivyo sisi Waluhya tunavyoita nyanya. "Haiji tangu mwaka juzi. Kocha anasema ni kawaida. Anasema ni alama nafanya kazi vizuri."

Akaniambia pia kwamba mfupa wa mguu unamuuma hata akilala, na kocha alisema apunguze uzito kidogo, utapona. Mimi nimezaa watano. Sijawahi kusikia mwili wa msichana ukizimwa kama jiko, halafu mtu mzima akasifu.

Nikamrudisha benchini, nikamwambia ampigie kocha simu hapo hapo, ile ya kuonana uso. Akatokea mwanamume mwenye kofia, anakula. Mkate mnene umejaa nyama, anatafuna huku anatutazama.

"Mwambie wewe si ng'ombe wa mnada," nikasema. "Mwambie hiyo mizani inabaki Malaba, na kambini huendi mpaka mwili wako urudi."

Mjukuu akasema Kiingereza kidogo, laini. Kocha akatabasamu, akanipungia mkono.

Yule dereva wa Mombasa akainua kichwa kutoka kwenye sahani. "Mama, hajasema hivyo. Amesema unamsalimia na unamshukuru."

Benchi lote likamgeukia mtoto.

"Unamwogopa kuliko mimi?" nikamuuliza mtoto.

"Ndiyo, Kukhu. Akiniacha, hakuna mbio."

"Na asipokuacha, kutakuwa na miguu?"

Kisha akaigeukia simu akaanza kuongea, na safari hii hakuacha upesi. Sauti ilimtetemeka, halafu ikakaa sawa. Kocha aliacha kutafuna. Dereva naye tonge lilibaki mkononi. Nilimuuliza dereva mtoto anasema nini.

"Mama, hayo si yako tena," akasema. "Hayo ni yake."

Kocha alikata simu, na kabla ya jioni ujumbe ulikuja kwamba kambini asiende. Mtoto alilia juu ya gunia langu la makaa. Nikampakulia ugali wa muhogo na mtama, na omena, dagaa wa ziwani. Alikula nusu. Ile mizani niliiponda kwa mchi, na sikumwomba mtu ruhusa.

Hospitali iliupiga picha mguu, mfupa ukakutwa na ufa, akakosa mbio za mwaka mzima. Sasa ana kocha mwingine, mwanamke, na mwezi wake umerudi. Kasi bado.

Watu wananiambia nishukuru yaliisha salama. Yameisha wapi? Juzi alinionyesha kwenye simu picha ya yule kocha wa zamani, amesimama kando ya uwanja, wasichana wapya wamemzunguka, wembamba kama kuni za kuwashia moto. Nikamuuliza kama nyanya zao wanajua Kiingereza.

"Hao ni Waingereza, Kukhu. Wote wanajua."

Basi wananyamazia nini.