Bibi wa Potapota

Mimi ni mtu wa ndani. Richfield, huku ughaibuni, nimekaa miaka sita, na ukitoa kazini na dukani sijui pa kwenda. Kwa hiyo baridi ilipokaza, mwenye nyumba akatuambia tuache bomba la jikoni lidondoshe maji kidogo yasije yakaganda, nilitii kwa furaha. Angalau humu ndani kungekuwa na kitu kinachoongea.

Siku ya tatu nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa bibi wa Kijapani anayekaa ghorofa ya chini yangu, kidole sikioni.

"Potapota," akasema. "Kutwa nzima! Potapota, potapota."

Nikadhani natukanwa. Kumbe kwao ndiyo sauti ya matone; kila kinachotiririka kina neno lake. Nikamkaribisha chai. Ilipotokota akasema gutsugutsu. Nilipomimina, tokutoku. Nilipokunywa akacheka mpaka akaziba mdomo. "Zuruzuru! Unakunywa chai kama mtu anayevuta tambi!"

"Na kwenu," akauliza, "kitu kikitumbukia majini?"

"Chubwi!"

Akadondosha kipande cha tangawizi kikombeni, akasikiliza. "Hapana. Hii ni pochan. Chubwi ni ukianguka wewe, na hicho kitambi."

Hakuna mwingine aliyewahi kubisha mlango wangu. Barafu ikayeyuka, watu wakatoka na kaptura, mimi bado nadondosha maji makusudi ili bibi apande kulalamika. Naye alijua. Alikuwa anakuja na biskuti za mchele. Mlalamikaji gani huja na biskuti?

Kiangazi magoti yake yakagoma kupanda ngazi, binti yake akamhamishia kwake, Woodbury. Nikafunga bomba. Ndipo nikaona kwamba wiki nzima inaweza kupita bila mtu kunitania, hata kuhusu kitambi.

Jumapili moja nikaomba anwani kwa mwenye nyumba, nikajikokota. Mabasi matatu, chupa ya chai mapajani. Sikupiga simu kwanza. Kwetu mtu anapita tu kusalimia. Nikabisha hodi. Kengele yenye kamera ikanijibu kwa Kiingereza, sauti ya binti yake, ikiuliza nataka nini.

"Nimekuja kumsalimia mama. Mimi jirani yake."

"Jirani yupi? Mimi niko kazini, nakuona kwenye simu."

"Wa Richfield. Wa juu."

"Aah, wa chai. Mama amelala, samahani. Siku nyingine upige simu kwanza."

"Sina namba yake."

Akanitajia, tarakimu moja moja, nami nikibonyeza simu yangu huku nimeinamia kengele kama naiungamia. Namba ikaingia yote. Nilipofika mahali pa jina nikakwama. Chai zote zile, hatukuwahi kuulizana, na kuiuliza kengele nikaona aibu.

Nikaandika "Jirani", nikarudi kituoni kusubiri basi la kwanza kati ya yale matatu.