Maziwa ya Tolunay

Satuk alihukumiwa Jumanne kukatwa mkono wa kulia. Hadi Alhamisi mama yake, Tolunay, alikuwa hajaketi. Alizunguka karakana ya sufu, akigusa mikeka ya kuviringishia, akigusa birika la maji ya moto lililokuwa limepoa, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kosa la Satuk lilijulikana na mji mzima wa Kayseri. Mwishoni mwa baridi, barafu ya mlima Erciyes ilipoanza kuyeyuka, kijana mmoja alisimama mlangoni pao na viatu vilivyopasuka. Satuk akampa bakuli la supu ya ngano na joho la sufu nzito, wala hakumuuliza jina. Kumbe alikuwa mdogo wake Sultani, wa mwisho aliyebaki hai, anakimbilia mpakani. Alikamatwa siku ya tatu. Kwenye pindo la joho palikuwa na pembe mbili za kondoo zilizopigwa kwa sufu nyeusi. Kila fundi wa mji huo ana alama yake, na pembe zile zilikuwa za Satuk, na za baba yake kabla yake.

Sufu hupigwa kwa mikono miwili. Inamwagiwa maji, inaviringishwa, inakandamizwa kwa vigasha tangu asubuhi hadi adhuhuri. Tolunay alijua mume wake marehemu angesema nini kuhusu fundi wa mkono mmoja.

"Wewe ndiye uliyemnyonyesha Sultani," jirani yake Umuhani alimwambia, "halafu unazunguka humu kama kuku anayetaka kutaga. Nenda kadai haki ya maziwa yako, mwanamke!"

Bozan, shemeji yake, alikuwa pembeni akichambua sufu. Hakuinua kichwa. "Mkono mmoja unatosha kushika kijiko, shemeji," alisema. "Usiende kumkumbusha."

Tolunay hakuuliza kumkumbusha nini. Alidhani ni woga. Bozan alikuwa mwoga tangu ujana.

Maziwa yenyewe yalikuwa habari ya miaka thelathini nyuma. Mke mdogo wa Sultani wa zamani alijifungua mtoto, wakamwita Alpagu, na kifua cha mama kikawa kikavu. Wakatafuta mjini mwanamke mwenye mtoto wa kiume aliyenona. Satuk alikuwa na siku arobaini. Tolunay akakaa ikulu miaka miwili, titi la kulia la mwana wa mfalme, la kushoto la mwanawe. Alpagu aling'ata. Tena hakulala mpaka ashike sikio la Satuk, na Satuk, mtoto mpole, alimwachia. Siku ya kuwaachisha ziwa Tolunay alipewa joho la hariri ya kijani, akarudi kwenye sufu yake.

Alpagu alipokalia kiti cha enzi akiwa na miaka kumi na tisa, wanawake wa hamamu walimpisha Tolunay karibu na bomba la maji moto. Alijisifu, hilo hakulikana kamwe. Sultani akijenga daraja, Tolunay alisema ni nguvu za maziwa yangu. Sultani akiteka ngome ya Wagiriki, vivyo hivyo. Ila kila baada ya miaka miwili mitatu jeneza lilishuka kutoka ikulu, limefunikwa hariri, bila tone la damu, na watu wakasogea kando ya njia wakiangalia chini. Kaka mkubwa, aliyeweza kudai kiti. Kaka wa pili. Mapacha wa mke wa Kijojia wa baba yake. Wazee walisema angalau anaiheshimu damu ya ukoo, haimwagi. Tolunay alianza kuoga nyumbani.

Ijumaa baada ya sala, Sultani husikiliza wenye shida. Tolunay alivaa lile joho la kijani, limeshaliwa na nondo kwenye kwapa, akapanga foleni na wenye kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba. Zamu yake ilipofika, Alpagu alimtambua. Alisimama kwa ajili yake, na baraza lote likalazimika kusimama. Alikuwa amekonda, na alikohoa kwenye kitambaa.

"Mama," alisema. "Umezeeka."

"Nimezeeka, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mkono wa Satuk."

Akamweleza yote: Satuk hakujua yule kijana ni nani, angempa joho hata mwizi, ndivyo alivyo. Sultani alisikiliza kama anasikiliza hesabu ya shayiri. Tolunay aliona hakuna kinachoingia. Akapiga magoti, akasema lile neno alilolibeba tangu nyumbani.

"Alpagu, wewe na Satuk mmenyonya pamoja. Ni ndugu yako."

Alpagu alimgeukia kadhi, akauliza kama sheria inasema hivyo. Kadhi alitazama chini, akajibu kwamba kwa madhehebu yao hata funda moja linatosha kuwafanya ndugu.

"Nilikuwa nimesahau," Sultani alisema polepole. "Nilidhani sina tena." Akamtazama Tolunay kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliomdanganya. "Basi mkono wa ndugu yangu haukatwi. Damu yake haitamwagika, mama. Nakuapia."

Tolunay alibusu zulia. Alirudi nyumbani karibu akikimbia. Umuhani akapiga vigelegele, akaleta zabibu kavu. Bozan alipoambiwa yale maneno, jinsi yalivyosemwa, aliweka sufu chini, akageukia ukuta, akalia. Bado Tolunay hakuelewa. Aliinjika supu ya kumpelekea mwanawe.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa langoni pa ikulu na chungu chake, jeneza likatoka. Hariri juu. Hakuna tone la damu.

Sungur, mshika pazia wa Sultani, ndiye aliyemshika asianguke. Alimweleza kwa sauti ya chini, maana alikuwa mtu mwenye haya. Amenyongwa kwa kamba ya upinde, ya hariri, kama inavyostahili ndugu. Na kama inavyostahili ndugu, angezikwa ndani ya kuba la ukoo, mahali ambapo watu wa mjini hawaingii.

"Angekatwa mkono tu," Tolunay alisema.

"Ndiyo, mama. Mkono tu."

Chungu kilimuunguza viganja. Kisha akasema, "Mwambie maziwa yangu simhalalishii. Hapa duniani wala kesho kwa Mungu."

Sungur alibadilika rangi. Kwa Waturuki hata askari mlevi haendi vitani kabla mama hajamhalalishia maziwa, yaani kumpa radhi.

Sultani aliishi baridi mbili zaidi. Ya pili ilimkuta akitema damu, ile damu aliyoitunza sana. Sungur alikuja karakanani akimwahidi Tolunay bustani akihalalisha maziwa, kisha kijiji kizima. Tolunay, ambaye sasa alikandamiza sufu na Bozan, alisema anataka kuliona kaburi. Sungur akaenda, akarudi, akamwongoza hadi ndani ya kuba.

Kaburi la Satuk lilikuwa kushoto, karibu na ukuta. Tolunay akalitandika joho alilolipiga mwenyewe, lenye pembe mbili za kondoo. Ndipo alipoona shimo jipya, tupu, limechimbwa ubavuni mwake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono.

"Sultani kalichagua mwenyewe," Sungur alinong'ona. "Anasema hapo ndipo atakapopata usingizi. Sema neno, mama. Anasubiri."

Tolunay alilitazama shimo. Kifua kilimuuma, titi la kulia na la kushoto pia, kama siku ya kuwaachisha.

"Yale maziwa yalikuwa ya Satuk," alisema. "Mimi nilimgawia tu. Mwambie akamwombe yeye."

Akainama, akalisogeza joho kwa mikono miwili hadi upande wa kichwa, akalikunja nene pale sikio la Satuk linapokuwa, upande wa lile shimo.